Eti nimekuja kumsindikiza

Shangazi, assalaam alaykum. Alfajiri haijaadhiniwa na mie bado sijafumba jicho. Mume wangu amelala hapa ubavuni pangu, na ubao wake wa kaiti kausimamisha pale mlangoni kama mgeni wa heshima. Naandika kwa mwanga wa simu.

Tulitoka mjini baada ya Idd el Hajj, kusi, ule upepo wa kusini, limeshashika. Unajua mwenyewe Paje inavyokuwa kipindi hicho, kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya maji akiwa kwenye ubao, zimejaa juu kutwa nzima. Huko ndiko alikojifunza kwa wageni, na siku hizi anafundisha. Mwaka huu akasema twende wote, safari ndefu, tuanzie Paje, tushuke kwetu Jambiani, tufike Kizimkazi, kisha tuvuke Pemba. Yeye apate upepo na mawimbi, mie nione misitu na viumbe ninavyovipenda tangu utotoni. Tangu anioe hatujawahi kutoka pamoja namna hiyo. Nilifunga cherehani, nikawaomba radhi wateja wenye nguo za harusi, wengine wakaninunia. Nakwambia haya usije ukaniona mwanamke wa kudeka.

Basi jioni moja Paje yeye na wenzake wamekaa wanapanga kesho yake asubuhi watoke nje ya mwamba. Nikawaambia kesho bamvua, maji yatatoka sana, wakichelewa kurudi watakuta mawe matupu saa nne. Akacheka. Akawaambia wenzake, "Mwacheni huyo, kaja kunisindikiza tu." Wakacheka wote. Mgeni mmoja hakuelewa, akatafsiriwa, na yeye akacheka.

Mie, Shangazi! Mama yangu analima mwani Jambiani tangu kilimo hicho kilipoanza mwaka 1989. Nimekua namfuata majini, nashika kamba yeye anafunga, kabla sijajua hata kusoma. Kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwamba maji ya leo hukawia kama dakika 50 kuliko ya jana, hayo sikufundishwa na simu. Na asubuhi ile maji yakatoka vile vile nilivyosema. Walirudi kwa miguu juu ya mwamba, wamebeba mbao, nyayo zimechanika. Nilimchemshia maji ya chumvi nikamwosha. Hakusema pole, wala hakusema mke wangu ulinambia kweli. Alikula akalala.

Tangu siku ile kila kitu nakiona kwa neno lile. Kizimkazi walikwenda kutazama pomboo, mie nikabaki na mizigo, kwa sababu msindikizaji ndiye anayelinda mizigo, au sivyo? Jozani nilikwenda peke yangu kwa daladala. Nilimwona kima punju anatafuna kipande cha mkaa, mtembezaji akanieleza kuwa hula mkaa ili majani ya miembe na mikungu yasiwadhuru tumboni. Nilitamani awepo nimwoneshe. Usiku nilipomhadithia alikuwa anaangalia upepo kwenye simu.

Sasa tuko Makangale, Pemba. Msitu wa Ngezi uko hapa hapa, nimeingia na mama mwenye nyumba, nimewaona popo wa Pemba wananing'inia mchana, wakubwa, wekundu, na hawako kokote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Yeye hajatia mguu Ngezi. Kila siku ufukweni Vumawimbi. Aliniahidi kisiwa cha Misali tangu tuko ndani ya meli. Bibi yangu alikuwa akinihadithia Nabii Hadhara alivyokosa mswala akasali pale, na kisiwa chenyewe kikawa ndio mswala wake. Nimeisubiri Misali maisha yangu yote. Nikimkumbusha, ananijibu leo mawimbi mazuri, tutakwenda kesho.

Wala sisemi ni mume mbaya. Hanipigi, hanitukani, hanilazi na njaa. Baharini ni mtu mwingine kabisa, uso unamng'aa, na mie huyo ndiye niliyempenda. Sitaki aache. Wanaosema mchezo wa bahari ni uhuni nimewajibu mimi mwenyewe, hata mbele ya mama yake. Ndiyo maana limeniuma. Ninayemtetea kwa watu ndiye aliyenifanya kichekesho kwa watu.

Na juzi mama mwenye nyumba ananiambia, "Alhamdulillahi, tutakuwa pamoja mpaka kusi liishe." Nikashtuka. Maana yake ni Septemba! Kumbe ameshapanga naye, mie sijaulizwa. Nilipomwuliza mume wangu tukalie nini, akasema si una mchezo wako, ule wa kuchangiana pesa, mwezi ujao. Pesa ile ni ya cherehani ya pili, Shangazi, anaijua tangu tulipoanza kuchanga. Siku nyengine ningempa, wallahi sina uchoyo. Lakini tangu lini msindikizaji akalipia safari?

Nimemwambia nataka kurudi mjini kwa wateja wangu. Amekataa kunipa ruhusa. Eti nikiondoka nitamwaibisha mbele za watu. Mbele za watu! Na mie aliponifanyia vile Paje, walikuwa miti?

Nimempigia mama, ameniambia nivumilie, wanaume ndivyo walivyo. Dada yangu anasema nipande gari mpaka Mkoani, nipande meli, maneno baadaye. Mie naogopa kutoka bila idhini yake, nimelelewa kwa dini. Na sitaki ndoa ivunjike kwa ajili ya ubao. Halafu nikifikiria kukaa hapa mpaka Septemba nikimkunjia taulo, roho inakataa kabisa. Na hapo hapo najijua, akiamka leo akasema jitayarishe twende Misali, nitabaki. Hata pesa ya mchezo pengine nitatoa. Nauona udhaifu huo, naukasirikia, siuwezi.

Nilichokuwa nataka kukuuliza ni hiki. Neno lile naweza kumdai aniombe radhi, na aniombe mbele ya wale wale aliolisemea, au nitaonekana nimezidi? Wao bado wako Paje na kurudi tutapitia huko. Niidai kabla sijatoa senti, au nitakuwa nauza heshima yangu? Nijibu upesi. Na tafadhali usiniambie nivumilie, hilo mama ameshaniambia.

Msomaji wako, Pemba