Kwa nini mizani yetu hufunikwa kanga kuanzia tarehe 24 Desemba

Mbukwenyi wateja wetu.

Kila mwaka anayeingia kwenye kituo chetu cha kupunguza uzito hapa Kisasa, Dodoma, siku za sikukuu huuliza mizani imeenda wapi. Ipo palepale kwenye kona, ila imefunikwa kanga, na juu ya kanga kuna ndoo ya maji. Ndoo tuliiongeza baadaye, maana mwaka wa kwanza watu walikuwa wanafunua na kupima kimyakimya.

Utaratibu huu ulianza kwa sababu ya mama mmoja ambaye tangu Septemba alikuwa amepungua kilo 6, na alizitolea jasho kwelikweli. Krismasi akaenda kwao Kondoa, akarudi tarehe 28 na kuja moja kwa moja kupima. Mizani ikasema ameongezeka kilo 3.2 kwa siku tano. Hakutamka neno, akachukua mkoba wake akaondoka. Tulimwona tena Pasaka, kilo zote 6 zimerudi na nyingine mbili juu. Kosa lilikuwa letu: tulimwacha na namba ile bila kumweleza maana yake. Basi tueleze leo.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kalori 7,700. Ili kuongeza kilo 3 za mafuta unahitaji kalori zaidi ya 23,000 ambazo mwili haukuzihitaji. Chukua sahani ya pilau ya nyama iliyorundikwa kama ya harusini, tuseme ina kalori 900. Mama yule angepaswa kula sahani kama 25 za namna hiyo ndani ya siku tano, juu ya chakula chake cha kawaida. Tunawajua watu wa Kondoa kwa ukarimu, lakini hapo hata wao wangemwonea huruma.

Kilo zile kwa sehemu kubwa zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni, na kwa mtu mzima akiba hiyo hufika kama gramu 400 hivi. Kila gramu moja hukaa pamoja na maji karibu gramu 3. Aliye kwenye dayati, hasa aliyepunguza ugali na wali kwa wiki kadhaa, akiba yake imepungua na maji yake yametoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya dayati kila mtu anajiona shujaa. Ukila pilau, chapati na viazi siku mbili, ghala linajaa tena, na kilo moja na nusu inarudi kabla hata nguo haijabana.

Halafu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Nyama choma inayochovywa kwenye chumvi, supu ya asubuhi, kachumbari na bisi za watoto unazodokoa ukipita vinavuka kiwango hicho mapema. Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji mpaka figo zimalize kazi yake, na hiyo huchukua siku kadhaa. Ongeza na chakula chenyewe ambacho bado kiko tumboni, hasa kama umekaa kwenye basi saa nyingi na choo kimegoma. Kina mama walio karibu na siku zao wajumlishe na hilo pia.

Hatusemi sikukuu haina madhara. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu wazima 195 katika msimu wao wa sikukuu, kuanzia katikati ya Novemba hadi mapema Januari. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo, kama gramu 370, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Kilichotusumbua sisi ni kwamba hata mwaka ulipozunguka, uzito ule mdogo kwa wastani haukuwa umeondoka. Nusu kilo kila mwaka, ukifika umri wa miaka 45 ni kitambi kamili.

Na kwa tunavyowaona wateja wetu, nusu kilo hiyo haitoki kwenye sahani ya tarehe 25. Inatoka kwenye siku zinazofuata ambazo hakuna anayezihesabu. Kuna kreti ya soda iliyobaki stoo, na chupa moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35 au zaidi. Kuna chapati zilizolala, zinapashwa na mafuta tena na kushushiwa chai ya maziwa yenye sukari. Kuna mvinyo wetu wa zabibu, ambao mtu wa Dodoma anaona ni haki yake ya kuzaliwa. Kuna mgeni anayepita tarehe 29, mwingine tarehe 3, kisha Mapinduzi tarehe 12. Mtumishi wa Mtumba, kwenye ofisi za serikali, aliyetoka likizo Moshi na begi la ndizi ndiyo kwanza anaanza kupika. Huko vijijini walau mvua zimeanza, na aliyekula pilau juzi leo anashika jembe. Wewe na mimi tunashika rimoti.

Kwa hiyo siku yenyewe kula. Ukipelekwa kwa shangazi usikatae chakula, utaonekana una maringo na hutasamehewa. Mwambie, "Shangazi, naomba nianze na kidogo, nitaongeza." Anayekupakulia anataka kuona sahani mkononi mwako, na mara nyingi hakumbuki kama uliongeza kweli. Kinywaji kiwe maji mpaka umalize kula. Kesho yake rudi kwenye ugali wako wa uwele au mtama na mlenda, kipimo kilekile cha kawaida, na utembee. Kreti iliyobaki wape majirani.

Kufunga kula siku tatu ili "kulipa" hatukushauri, na chai za kusafisha tumbo hatuuzi, hata mkituuliza kwa upole. Zile zinakuharisha, maji yanatoka, mizani inashuka, unakunywa maji, inapanda. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za presha asiruke mlo kabisa bila kuongea na daktari wake. Na kama uzito umepanda ghafla huku miguu imevimba na unapumua kwa shida, usije kwetu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kanga inatolewa tarehe 8 Januari. Muda huo unatosha maji ya Krismasi na Mwaka Mpya kushuka, na kitakachobaki ndicho cha kushughulikia. Tunapima asubuhi tatu mfululizo na kuchukua wastani, kwa sababu asubuhi moja hudanganya. Wanachama ni bure, wasio wanachama shilingi 1,000 kwa zote tatu. Milango inafunguliwa saa 12 asubuhi. Pitia chooni kwanza, usinywe chai, na uvae nguo nyepesi ileile siku zote tatu. Aliyekuja na jinzi na mkanda wa chuma mwaka jana anajijua.