Viti vyangu vinapotea, je, programu itavirudisha?

Mshauri wetu, salamu kutoka Kisumu.

Nakodisha mahema, viti na sufuria kubwa hapa Kondele, mwaka wa tisa sasa. Anayejua huku kwetu anajua Jumamosi ilivyo: matanga Seme, harusi Ahero, harambee ya kanisa Luanda, zote asubuhi moja. Nina viti 800, mahema 14, pikapu moja na vijana wanne. Miaka yote hiyo nimeandika kwenye daftari.

Agosti iliyopita niliwapa watu wawili hema moja. Mmoja alilipa arabuni kwa M-Pesa, mwingine akaongea na kijana wangu kwa simu, nami sikuambiwa. Familia ya msiba ilikaa juani hadi saa saba. Mpaka leo nikipita kwao naangalia chini. Desemba nayo ikaniondokea na viti 64, na kiti kimoja siku hizi ni kama shilingi 900.

Sasa mtoto wa jirani, amemaliza chuo juzi, anataka kunitengenezea programu yangu mwenyewe. Bei ni shilingi 160,000, nusu nilipe kabla hajaanza. Nilimwuliza mbona nisichukue hizi za madukani za kulipia kila mwezi. Akanionyesha: viti 200 vikitoka, inavihesabu vimeuzwa, Jumatatu vikirudi, naviingiza kama mzigo mpya. Hapo hakukosea. Aliponitafutia ya wanaokodisha, ikawa ya kulipiwa kwa dola na haiijui M-Pesa.

Mpwa wangu, mhasibu huko Nakuru, ananicheka tu. Amenifungulia jedwali la Google Sheets bila malipo: tarehe juu, mahema pembeni, nyekundu kwa lililochukuliwa. Sote watano tunaliona kwenye simu. Wiki sita sijagonganisha wateja, ingawa Februari si Desemba, na kijana mmoja alishafuta mstari mzima kwa kidole gumba. (Risiti za KRA hazinisumbui. eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi wa kutoa risiti, niko nayo kwenye simu, tangu shule moja ikatae kunilipa bila hiyo.)

Kinachoninyima usingizi ni viti. Jumatatu mbili nimekaa getini nikahesabu mwenyewe. Vijana wakipakia usiku matangani hawahesabu, wanabeba vilivyo karibu. Nina viti 11 vyenye jina la mshindani wangu, na sijui nitamrudishia kwa uso gani. Sasa mshauri, programu itajua nini kama anayeiandikia hajahesabu?

Tena, kijana akiitwa kazi Nairobi, nani ataifungua ikikwama Ijumaa jioni? Nilimwuliza kama msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, utakuwa mali yangu, akanijibu, "Mama, usijali." Hapo ndipo nilipoanza kujali. Na nakala za vitambulisho vya wateja zitakaa wapi? Naambiwa sheria ya kulinda data ya 2019 inatuhusu hata sisi wa mahema.

Nimewaza nimpe kazi ndogo kwanza, ya kuandika viti vinavyotoka na vinavyorudi tu, kila safari na jina la aliyepakia, mengine yabaki kwenye jedwali hadi Desemba ipite. Au huko ni kulipa mara mbili? Na kama ni kuandikiana mkataba, nisisahau kuweka nini? Nimemwahidi jibu Ijumaa, na mama yake tunaimba naye kwaya moja.

Mama Mahema,
Kondele, Kisumu