Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho ya Jimbo, Cortona: tunaomba saa sita mchana

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi, ili wenzangu tulioko huku Toscana, Italia, masista, mapadre na sisi tunaolea wazee majumbani, waisome kwanza. Ya Kiitaliano utaletewa kwa posta, na nakala kwa Mhashamu Baba Askofu.

Ombi letu ni moja. Kila mwaka, kwenye Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, saa sita mchana, turuhusiwe kusali sala ya Malaika wa Bwana mbele ya picha ya Kupashwa Habari iliyochorwa na mtawa Fra Angelico. Dakika tano zinatosha.

Picha ile haikuchorewa makumbusho. Fra Angelico aliichora miaka ya 1430 kwa ajili ya altare katika kanisa la San Domenico, la watawa wenzake, hapo hapo Cortona. Hata nyumba iliyomo leo ilikuwa kanisa, lile la Gesù linalotazamana na Kanisa Kuu. Kwa hiyo hatuombi jambo geni.

Naomba uitazame tena kwa karibu. Kati ya malaika na Bikira Maria kuna mistari mitatu ya herufi za dhahabu. Wa juu na wa chini ni maneno ya Gabrieli. Wa kati ni jibu la Maria, nao umepinduliwa kichwa chini, unatoka kwake kumwendea malaika: Ecce ancilla Domini, yaani “Ndimi mtumishi wa Bwana.” Hapo inakuja nguzo ya baraza. Panapotakiwa kusomeka fiat mihi secundum (nitendewe kadiri ya) pamezibwa na nguzo, na upande wa pili yanatokeza verbum tuum (neno lako). Yaani kule kukubali kwenyewe hakuonekani! Wasomi wameshaandika mengi kuhusu nguzo hiyo, na siwapingi. Lakini mtu aliyekua na kengele ya parokia ya saa sita hahitaji kitabu. Mmoja huanza, “Ndimi mtumishi wa Bwana,” na wote wakaitikia, “Nitendewe ulivyonena.” Naamini mtawa yule aliwachorea watu waliojua kuitikia. Sisi bado tunajua.

Wenyeji nao wana deni na siku hiyo. Toscana ilihesabu mwaka wake kuanzia 25 Machi, tarehe ya kawaida ya sherehe hii, na haikuhamia Januari mosi hadi 1750. Pakiwa na mzee wa Cortona atakayependa kusali nasi kwa Kiitaliano au Kilatini, karibu sana, tutapokezana. Kuhusu tarehe, tutafuata kalenda ya Kanisa: mwaka 2024 sherehe iliangukia Juma Kuu ikasogezwa hadi 8 Aprili, na 2027 itakuwa 5 Aprili.

Hofu yenu naielewa. Ni ubao wa karibu miaka mia sita, na rangi yake haitaki moshi wala mikono ya watu. Hatutawasha mshumaa wala ubani. Ngoma na vigelegele pia hapana (hili wenzangu wamelikubali shingo upande). Tutasimama nyuma ya mstari mtakaouweka, na mkitaka tuwe kumi kumi, tutakuwa kumi kumi.

Tukimaliza tutawapisha wageni wengine, ila nadhani baadhi yetu watainama kidogo kutazama vile vipicha vidogo vilivyo chini ya picha kubwa. Kwenye kile cha Maria kumtembelea Elizabeti, kuna mwanamke anayepanda kilima, na kwa mbali linaonekana ziwa Trasimeno. Aliyeshuka treni Camucia, kituo kilicho chini ya kilima cha Cortona, akapanda mjini kwa miguu atamhurumia.

Tunaomba jibu kabla ya Krismasi. Sababu ni ya kawaida tu: anayelea mgonjwa hawezi kuomba ruhusa leo akaondoka kesho, lazima apatikane wa kumshikia zamu.

Wako katika Kristu,
Mlezi wa wazee, mkoa wa Arezzo