Mwanangu, hivyo vidonge vya gesi

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu una jibu moja tu, "sawa mama," kisha mtandao unakatika. Jumapili mdogo wako alikuwa anatafuta chaja kwenye mkoba wako, akakuta karatasi nne za vidonge vya gesi, tatu zimeshaisha. Usimgombeze. Hata asingesema, nilikuona: pilau hujaimaliza, mkono ukaenda chini ya meza, ukafungua kifungo cha sketi, ukatafuna. Eti pipi. Pipi gani inaacha chaki mdomoni?

Sikatai dawa. Nimemuuliza yule mtoa dawa wa hapa Tandika, siyo wa kona anayeuza na vocha, akanieleza vizuri. Simethikoni, ile dawa ya gesi, kazi yake ni kukusanya vipovu vidogo vya tumboni viwe vikubwa, hewa ipate kutoka, iwe juu au chini, na haiingii kwenye damu. Siku tumbo limejaa ukanywa baada ya chakula, sina neno. Lakini haizuii gesi kutengenezwa. Sasa yako inatoka wapi kila siku ya Mungu? Hilo ndilo nauliza tangu Idi, na hujanijibu.

Hivyo vya chaki vina magnesium. Vinatuliza asidi, ila vikizidi vinaharisha. Vingine vina aluminiamu, hivyo vinafunga choo, na choo kikifunga tumbo linazidi kujaa, nawe unaongeza kidonge kingine. Tena wewe umeandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Ukivinywa pamoja na vya asidi, yale madini ya chuma hayafyonzwi inavyotakiwa. Viachanishe saa mbili au zaidi. Halafu unalalamika damu haipandi!

Shangazi yako ukimpigia atakwambia usage mkaa, tayari amenishauri hata mimi. Mkaa wa dawa upo, unatengenezwa maalumu, na wenyewe unanasa dawa nyingine tumboni zisifanye kazi, hata vile vidonge vya uzazi wa mpango (sikuulizi kitu). Huu wetu wa gunia ni wa kuchomea mihogo.

Ya baba yako unayajua, sirudii. Na najua utasema ni nani alikuwa anakutuma dukani ukamnunulie zile za kutafuna. Miaka ile duka ndilo lilikuwa karibu. Wewe una kadi ya bima mkononi, umesoma, una ajira ya serikali. Pale sokoni sina mtu ambaye sijamwambia, hadi wauza nyanya wananiita mama mwalimu. Mwalimu mzima anajitibu kwa kubahatisha?

Nenda kwa daktari kabla ya kupanda basi Jumamosi kwenda Songea kuanza kazi. Kama unanywa na omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, mwambie mapema. Kile kipimo cha choo cha H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, kinataka uwe umeiacha wiki mbili, na antibayotiki wiki nne, la sivyo kinaweza kusema huna wakati unao. Kama siku hazitoshi hapa, akupangie ukapimie Songea, lakini uondoke ukijua unafuata nini. Mwambie pia kama tumbo linajaa zaidi ukikaribia siku zako, au kama halishuki kabisa wiki zinapita. Sisi wanawake tumbo la hivyo linatakiwa liangaliwe hadi kwenye vifuko vya mayai ya uzazi. Usione haya, yeye anasikia hayo kutwa.

Ukiona choo cheusi kama lami, au chenye damu, au unatapika hushiki kitu, au tumbo limekuwa gumu na hata upepo hautoki, usiende dukani. Hospitali, siku hiyohiyo. Na kukonda. Nguo ya harusi ya binamu yako ilikukaa mwezi wa sita, Jumapili nimeona umeibana na pini.

Mengine ni ya kwako mwenyewe. Soda kila mchana, bigijii mdomoni kutwa, chakula unakula huku umesimama. Hewa yote hiyo unaimeza. Maziwa jaribu kuacha wiki mbili uone, mtindi wengi unawakalia vizuri zaidi. Maharage loweka usiku kucha, maji yamwage, chemsha kwa mengine. Sukari ya maharage utumbo mwembamba hauiwezi, inashuka hadi kwenye utumbo mpana na bakteria wanaigeuza gesi. Usiyaache kabisa lakini, huko mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa na nyama usiione.

Mdogo wako atakuletea ndoo ya bluu: mchele wa Kyela, dagaa, na ile blanketi, kwani wanasema Songea asubuhi ni baridi. Ndoo niirudishiwe, ni ya kikoba. Mpangaji wa chumba cha nje hajalipa mwezi wa pili huu, nikimgongea anazima taa. Ufunguo wa sanduku lako umeondoka nao na vyeti vya mdogo wako vimo humo. Mpe yeye aje nao. Basi linatoka stendi ya Magufuli alfajiri, kwa hiyo Ijumaa lala kwa mjomba wako Kimara, nimeshamwambia. Nimemwambia pia akuulize karatasi ya daktari, usikasirike.

Mama yako