Ile meseji yako ya juzi usiku

Mbukwa mwanangu,

Za Mwanza? Huku Dodoma upepo na vumbi kama ulivyotuacha, mama anakusalimia na anauliza unaoa lini, hilo utamjibu mwenyewe.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga maana kwenye simu tutaishia kucheka, na hili sitaki tulicheke. Ni ile meseji uliyotupia kwenye grupu letu, "hao chawa washughulikiwe mmoja mmoja, nyumba zao tunazijua." Chawa ndo sisi tunaoshabikia CCM. Mwanzo nikajua umeforwadi tu, kumbe umeandika kwa mkono wako. Chini yake watu wameweka vikatuni vya kucheka, wengine moto.

Kabla hujasema haya keshaanza na kadi yake ya kijani, ngoja. Ile siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na mimi iliniuma, watu wamepigwa risasi, mali zimechomwa, intaneti imezimwa, Dar wamewekewa amri ya kutotoka usiku, na meseji nilizokutumia zimekaa tiki moja tu siku zote zile mpaka nikaanza kuwaza mabaya. Mtu anayeuliza wale waliokufa walikufaje ana haki aulize mpaka ajibiwe, chama changu kikinuna kinune. Ila kuuliza ni kitu kimoja na kumuonyesha mwenzako nyumba ya jirani ni kitu kingine kabisa.

Halafu hilo neno, chawa. Chawa anafanywa nini? Anapondwa kwa kucha na hakuna anayemlilia. Na wa upande wetu wakawaita nyie wa Chadema nyumbu, nao nyumbu anawindwa, analiwa nyama. Tumeyazoea tunaona ni utani wa mjini lakini ukishamtoa mtu kwenye utu hata akipigwa nondo utaona ni kama umefukuza mnyama shambani.

Unakumbuka Septemba 2017? Ile Alhamisi tarehe 7, tuko kijiweni pale Majengo, habari ikafika kwamba Tundu Lissu, mbunge wenu wa Chadema wakati ule, kamiminiwa risasi Area D hapa hapa Dodoma, katoka bungeni mchana kwenda kupumzika kwake. Jamaa mmoja akasema "alizidi mdomo" na mimi nikacheka. Nilicheka mwanangu. Sikuwa na bunduki, sikumtuma mtu, ila nilicheka, na wewe hukusema neno, uliweka kikombe chini kahawa haijafika nusu ukaondoka, na wiki nzima hukuja. Usiku ule yeye akapelekwa Nairobi kupigania roho, sisi huku tunajifunza kuwaita waliompiga "wasiojulikana" kama vile ni jina la mtu. Mpaka leo nikipita pale Area D nakumbuka kikombe chako kuliko hata zile risasi. Sasa wewe ndo wa kuandika washughulikiwe? Wewe?

Juzi kijiweni vijana wawili walikuwa wanabishana katiba mpya, mmoja akapandwa, akainua benchi juu kabisa. Mzee wa kahawa hakupiga kelele, aliondoa tu birika kwenye jiko akalifunika, akasema hapa simimini tena mpaka huyu aliyeshika benchi atuambie mwenzake kasema nini. Kijana anatutolea macho. Anaanza "kasema... anatetea wezi", mzee anamwambia hapana, hilo umelisema wewe, yeye kasema nini? Alishindwa mwanangu, mtu alikuwa tayari kumpasua mwenzake kichwa kwa maneno ambayo hakuyasikia. Ikabidi aulize, na yule mwingine kumbe hata katiba mpya anaitaka, alikuwa anapinga tu isianze kabla ya kurekebisha tume ya uchaguzi. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, kwa sauti, matusi mawili matatu hayakukosa, ila benchi lilikuwa chini na watu wamelikalia.

Najua utasema maneno hayajawahi kubadilisha kitu nchi hii. 1991 tume ya Jaji Nyalali ilizunguka kuuliza watu, kama 80 kwa 100 wakasema tubaki na chama kimoja, na bado tume ikasema vije vingi kwa ajili ya wale 20, na 1992 sheria ikabadilishwa. Hicho chama unachokipenda kimezaliwa hapo, kwa watu wachache walioongea wakasikilizwa. Wangeitwa wasaliti wakashughulikiwa leo ungevaa gwanda la nani? Na usinijibu kwamba siku hizi hakuna wa kusikiliza, hilo najua, ndo maana nalisema kwetu pia, juzi nimemwambia katibu wetu wa tawi hivyo hivyo na sasa hivi hanisalimii vizuri.

Sikuombi uache kutupinga. Nisemee mbovu serikali, nisemee mbovu na chama changu, nitakujibu hoja kwa hoja na nyingine utanishinda maana wewe unasoma kuliko mimi.

Ila ile meseji. Hata ukiifuta watu wameshaisoma, basi andika nyingine chini yake, hata mstari mmoja, kwa jina lako. Wale waliocheka wanakusikiliza wewe, mimi wananiita chawa.

Ukishuka Krismasi kahawa yako ipo pale pale, safari hii uimalize.

Ni mimi mwanao wa Majengo.