Mwembe wako na kidaftari cha Constable

Mwanangu mpenzi,

Picha ya mwembe nimeiona. Umechora jani mojamoja, ndiyo maana mti umekaa kama ufagio. Kabla hujachora mwingine, mtazame John Constable, mchoraji Mwingereza wa Suffolk aliyezaliwa 1776.

Mwaka 1813 na 1814 alizunguka kwao, kandokando ya Mto Stour, na vidaftari vya kutia mfukoni. Kile cha 1814 kina upana wa sentimita 11 hivi na kimo cha 8. Kipo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Tafuta ukurasa wa tarehe 7 Septemba 1814: tishari linaundwa ndani ya gudi la baba yake, Flatford. Ukurasa mdogo hivyo, na ndio uliozaa picha ya rangi aliyoionyesha Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1815! Kwenye sentimita 8 hakuna nafasi ya kila jani, na hiyo ndiyo faida yake.

Basi kata karatasi ndogo. Finya macho mpaka mwembe ubaki madoa mawili, la mwanga na la giza, uyachore hayo kwanza kwa HB, penseli ya ugumu wa kati, bila kukandamiza. Penseli ni unga wa grafiti, madini meusi, uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ukachomwa, ufundi wa Mfaransa Conté wa 1795. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na alama yake hafifu. Ukiilazimisha HB itoe weusi utapata mng'ao na mfereji ambao raba haiuondoi. Weusi utoe kwa 2B, iliyo laini zaidi, kisha 4B, laini kuliko hiyo, mwisho kabisa, pale shina linapoingia chini ya majani.

Chonga kwa wembe, si kwa kichongeo, ili ncha iwe ndefu. Ilaze, pitisha mistari sambamba, halafu rudia juu yake mara mbili tatu. Kidole usikiguse kivuli: mafuta ya ngozi hunasa grafiti, ukabaki na tope. Weka kikaratasi chini ya kiganja, na kama kawaida yako ni mkono wa kulia, anzia kushoto.

Majani yachore ukingoni tu, panapokutana na mbingu. Acha matundu ya mwanga katikati, na matawi yaonekane humo humo, meusi.

Andika tarehe pembeni, kisha unitumie mwembe uleule.

Mama yako