Ukulele tano, na moja sijui ni ya nani

Mhariri, kamwene! Ndivyo tunavyosalimiana huku Iringa, nami nakusalimu hivyo wewe na wasomaji wote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu na bibi wa wajukuu saba, mkazi wa Kihesa. Ukurasa huu nimeusoma miaka mingi na sikuwahi kudhani kuna siku nitauandikia. Jambo langu ni la kuuza vitu, na wengine mtaliona dogo. Mimi limeninyima usingizi tangu Pasaka.

Nina ukulele tano ambazo siwezi tena kuzipiga.

Kwa asiyeijua, ukulele ni kama gitaa dogo lenye nyuzi nne za nailoni. Watoto wa huku walikuwa wanaiita kigitaa. Wanakwaya mtanielewa haraka nikisema hivi: ukipitisha kidole juu ya nyuzi zake bila kubonyeza popote, unapata so, do, mi, la. Ni solfa ileile tuliyofundishwa kanisani, ndiyo maana mtoto aliyezoea kuimba kwa solfa haimpi shida. Uzi wa so, ule ulio karibu na kidevu chako, si mnene kama wa gitaa. Unalia juu kuliko do inayoufuata, na hapo ndipo ule uchangamfu wa sauti yake unapotoka.

Niliijua mwaka 2011. Kwa jirani yangu alipanga dada mmoja muuguzi kutoka Marekani, aliyekuja kufanya kazi ya kujitolea. Jioni alikuwa anakaa kibarazani akipiga, na watoto wa mtaa mzima wanajaa uani. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, sijawahi kushika chombo chochote zaidi ya kayamba. Nikamwambia, dada, nifundishe na mimi. Akanifundisha. Baada ya mwaka nikawa nawafundisha watoto wa shule ya Jumapili, kila Jumamosi alasiri chini ya mwembe wangu, bila senti tano ya mtu.

Alipoondoka mwaka 2014 aliniachia soprano mbili, zile ndogo kabisa, za plaiwudi. Konseti, ambayo ni kubwa kidogo, niliinunua mwenyewe Kariakoo kwa shilingi 120,000, fedha ya likizo yangu yote. Baritoni niliuziwa na mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anamaliza masomo. Hiyo nyuzi zake zinafungwa kama zile nne nyembamba za gitaa, kwa hiyo mpiga gitaa yeyote anaishika na kuanza tu. Ya tano ni ile inayoitwa tena (kwa Kiingereza tenor), kubwa kuliko konseti. Urefu wa uzi wake, kati ya kile kijiti cha shingoni na kile cha tumboni, ni kama sentimita 43. Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Hiyo ya tena ni ya mbao ya koa, mti wa jamii ya migunga unaoota Hawaii peke yake. Siyo plaiwudi, ni mbao kamili, mbele na nyuma. Yule dada alikuwa nayo kabla hajaja Tanzania. Siku ya kuagana, basi likiwa linapiga honi, alinishikisha mikononi akasema kwa Kiswahili chake: "Hii ni yako, mwalimu, na ya watoto."

Yako, na ya watoto. Maneno hayo nimeyageuza kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Wale watoto walikuwa 23. Nilikuwa nawapa na habari za chombo chenyewe, maana sikupenda wapige kitu wasichojua kilikotoka. Niliwaonyesha kwenye ramani kisiwa cha Madeira cha Wareno, halafu kidole kikazunguka mpaka Hawaii, ilikofika meli iitwayo Ravenscrag mwezi Agosti 1879. Ndani yake walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Walikuja pamoja na wenzao waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na baadaye wakaanza kutengeneza Honolulu vigitaa vya kwao kwa mbao waliyoikuta, hiyo koa. Wenyeji wakavipenda, wakavipa jina ambalo wengi hulieleza kuwa ni kiroboto anayeruka, kwa jinsi vidole vinavyokimbia juu ya nyuzi. Watoto walilipenda hilo la kiroboto. Mimi nilipenda zaidi lile la maseremala, kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa seremala, na huku kwetu kwenye misitu ya Mafinga na Sao Hill mtu anakua akijua harufu ya mbao kabla ya kujua kusoma.

Sasa vidole. Baridi yabisi ilinianza mwaka 2020 kwenye mkono wa kushoto, ule unaobonyeza. Kwanza ilikuwa asubuhi tu za mwezi wa sita na wa saba, mnajua baridi ya Iringa wakati huo. Kisha ikawa mwaka mzima. Leo kidole cha pete na kidogo havikunji vizuri. Nikibonyeza, uzi unakoroma, haulii. Watoto wa kwaya sasa wana kinanda cha umeme na mwalimu kijana, wanaimba vizuri, nami nafurahi nikiwasikia. Ukulele zimekaa kabatini tangu 2022.

Kwa nini nisiziache humo humo? Hapa naomba mnivumilie. Babu yangu mzaa baba, kule Kalenga, alikuwa na ligombo. Ni chombo cha sisi Wahehe, ubao uliochongwa kama hori, na uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi juu yake. Babu aliimba nacho misibani na kwenye pombe. Alipozeeka akakiweka darini jikoni, juu ya moshi, akisema atakishusha siku mkono ukipona. Mkono haukupona, wala hatukumwambia hata mmoja wetu, babu, nipe mimi. Alipofariki tulikishusha tukakuta mchwa wameshakula upande mmoja, na shangazi akakitia motoni pamoja na kuni nyingine za msiba. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama pale naona. Kwa hiyo kabati linanitisha.

Na shida ya fedha ipo, sitaificha. Mjukuu wangu, ninayemlea tangu mama yake alipofariki, yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Anadaiwa ada shilingi 480,000, na asipomaliza hataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho wa muhula. Pensheni yangu mnaijua wastaafu wenzangu. Mahindi ya mwaka huu yametosha chakula tu.

Binti yangu wa Dar akazipiga picha, akazitangaza kwa simu. Watu wengi waliuliza kama ni za kuchezea watoto, mmoja akataka soprano kwa elfu kumi aipambie ukuta. Kisha akapiga mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya muziki. Anatoa shilingi 600,000 kwa zote tano, taslimu. Nikamuuliza, na nikiiondoa ile ya tena? Akasema basi zilizobaki ni 150,000, na hata hizo anachukua kwa kunisaidia tu. Kwa maneno mengine anataka ile ya tena, nyingine ni za kusindikiza.

Na hiyo ya tena ina ufa. Hili ndilo linalonichoma zaidi. Mbao kamili haipendi hewa kavu. Mafundi wa vyombo hivi wanashauri unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55, na kiangazi chetu cha Iringa, na ule upepo wake, kinashuka chini ya hapo bila taabu. Dawa yake niliijua. Nilikuwa naweka kipande cha sifongo kilicholoweshwa na kukamuliwa ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, nakiweka kwenye mfuko wa ukulele, nakilowesha kila baada ya siku tatu. Agosti ya mwaka juzi nilikwenda Dar kutibiwa mkono, nikakaa wiki saba, na sikumwachia mtu kazi hiyo. Niliporudi nikakuta ufa mbele, umeanzia kwenye kile kibao kinachoshika nyuzi ukashuka chini, kama sentimita 7. Nililia kama nimefiwa. Ile ya soprano, iliyong'oka kibao chake kwa sababu kijana niliyemwazima alifunga nyuzi za chuma za gitaa, hiyo nilimsamehe siku hiyohiyo, maana hakujua. Ya tena nilijua.

Nilimweleza mfanyabiashara habari ya ufa kabla hajaniuliza. Akasema hilo si tatizo, fundi wake atajaza gundi na unga wa mbao, atapiga vanishi, na mnunuzi hataona kitu. Moyo ukashtuka. Nimeishi na seremala miaka 31. Ufa wa kiangazi haujazwi. Unairudishia mbao unyevu polepole mpaka midomo ya ufa ikaribiane, ndipo unatia gundi na kubandika vipande vidogo vya mbao kwa ndani vishikilie. Ukiujaza wakati mbao imekauka, mvua za Novemba zikija mbao itavimba na kusukuma, na itapasuka pengine pabaya zaidi. Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani, simjui, atalipa fedha nyingi kwa chombo nilichokitunza mimi, na kitamfia mkononi.

Upande mwingine yupo kijana mmoja wa wale 23. Sasa ni baba wa mtoto mmoja, analima nyanya Ilula na kufundisha watoto wa kanisa la kijijini kwao. Aliposikia nauza alipanda basi mpaka kwangu. "Shikamoo mwalimu," akaniambia, "nimekuja kuomba moja kabla hazijaisha." Anaweza kutoa 70,000 kwa konseti, nusu sasa, nusu akivuna. Nikampa ile ya tena aipige. Vidole vyake vimekomaa kwa jembe lakini alikumbuka wimbo wa kwanza niliowafundisha, wote, mpaka mwisho. Hakuuliza bei yake. Aliirudisha kwenye mfuko wake taratibu, akafunga zipu, akaniuliza kama sifongo ina maji.

Ushauri wa nyumbani nimeupata na haupatani. Binti yangu anasema, mama, umewafundisha bure miaka minane, chukua, huo ndio mshahara wako. Mzee mmoja wa kanisa anasema nizipeleke zote kanisani kwa kuwa zilitumika kanisani, lakini kabati la vyombo la pale nalijua, kuna magitaa mawili humo yameliwa na panya. Mjukuu wangu mwenyewe aliniambia, "Bibi, usiuze, nitaomba wanisubiri." Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana chuo hakimsubiri mtu.

Mtauliza kwa nini nisimuulize aliyenipa. Namba yake haipatikani tangu 2018, na barua niliyoituma kwa anwani aliyoniandikia imerudi.

Basi wasomaji, nisaidieni. Mtu akikupa kitu akasema ni chako na cha watoto, na watoto wale wamekua, wengine wako Makambako, wengine Dar, ni nani sasa wa kuulizwa? Je, mjukuu wangu naye si mtoto? Au alimaanisha watoto wowote watakaokuja, na hivyo kijana wa Ilula ana haki nayo kuliko mimi? Nikisema ile ya tena isiuzwe, nitauzaje zile nne zilizobaki nipate walau karibu na ile ada, moja moja au kwa pamoja? Baritoni nadhani nimpelekee mpiga gitaa, si mtu wa ukulele, lakini wa huku ninaowajua hawana fedha. Na kama yupo fundi, iwe Iringa, Mbeya au Njombe, aliyewahi kuziba ufa wa gitaa la mbao kamili kwa njia niliyoieleza na si kwa unga wa mbao, naomba sana aandike kupitia kwa mhariri. Nitamsafirishia kwa basi na kulipia mwenyewe.

Mfanyabiashara anapita Ipogolo Jumamosi ya wiki ijayo akielekea Songea, anataka jibu siku hiyo. Mtihani wa mjukuu ni wiki tatu baadaye. Leo asubuhi nimelowesha sifongo, nimeirudisha ile ya tena kabatini, nikaacha mlango wazi.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa